Victoria mmoja, Victoria kibao: jina la mtoto mmoja lilivyozagaa kwenye ramani ya dunia

Ubishi wenyewe ulianza na swali jepesi tu, mtu kauliza Victoria iko wapi. Mmoja akajibu fasta, si ziwa letu hilo hapo. Mwingine akakataa, akasema Victoria ni mji mkuu wa Shelisheli. Wa tatu ana ndugu yake anasoma Australia, akasema acheni utani, Victoria ni jimbo na Melbourne iko humo ndani, wa nne akaleta maporomoko ya Zambezi, na hapo kila mtu akawa anaongea kwa wakati mmoja. Kilichonichekesha ni kwamba wote walikuwa sahihi, na hawakufika hata robo ya safari, maana kuna jangwa linaitwa hivyo, kuna kisiwa kikubwa kuliko nchi kibao, kuna mto, kuna bandari ya Hong Kong, kuna kipande cha Antaktika, kuna mlima Myanmar na mlima mwingine Papua New Guinea, halafu kuna miji ambayo ukianza kuihesabu utachoka wewe.

Jibu la haraka ambalo wengi wanalitoa ni kwamba ni yule malkia wa Uingereza, imeisha hiyo. Jibu lina ukweli mwingi ila ni nusu. Kuna Victoria ambazo malkia hahusiki nazo hata kidogo, nyingine zilikuwepo karne kadhaa kabla hajazaliwa. Na hata zile ambazo ni zake kweli, sio kwamba aliamka asubuhi akaamuru pale paitwe jina langu. Wengi waliompa hayo maeneo hata hawakuwahi kuongea naye, na yeye hakuwahi kukanyaga Afrika wala Australia maishani mwake. Kwahiyo tuanze na jina lenyewe kwanza, kwa sababu lina kisa chake na kidogo tu lisingekuwepo kabisa.

Mtoto alizaliwa tarehe 24 Mei 1819, Kensington, London. Baba yake ni Edward, mtoto wa nne wa kiume wa mfalme George III, mama yake ni Mjerumani kutoka Coburg ambaye kwao walikuwa wanamwita Victoire. Wazazi walikuwa na orodha ndefu ya majina ya kifahari, Georgina, Charlotte, Augusta na kadhalika. Tatizo likawa baba mkubwa. Huyu ndiye aliyekuwa anashika madaraka kwa niaba ya mfalme kwa sababu mfalme alikuwa mgonjwa wa akili, na alikuwa haelewani kabisa na mdogo wake. Akayapiga chini majina yote ya kifalme ya Kiingereza. Fikiria sasa siku ya ubatizo, mwezi mmoja baadaye, askofu mkuu wa Canterbury kambeba mtoto, maji yapo tayari, watu wamesimama, na hakuna anayejua mtoto anaitwa nani! Askofu anauliza, baba mkubwa anasema Alexandrina, kwa heshima ya Alexander I mfalme wa Urusi ambaye ndiye alikuwa baba wa ubatizo. Baba mtoto anaomba basi liongezwe jina la pili. Jamaa anajibu mpeni la mama yake, ila lisitangulie la mfalme wa Urusi. Ndio hivyo, mtoto akaitwa Alexandrina Victoria, mama akiwa analia.

Utotoni walimwita Drina. Victoria enzi hizo kwa Waingereza lilikuwa jina la kigeni, sio jina ambalo ungelisikia mtaani London, na baba yake mkubwa mwingine, mfalme William IV, alipoona huyu binti ndiye atakayerithi kiti alitaka abadilishiwe jina apewe la Kiingereza kama Charlotte au Elizabeth. Haikutokea. Tarehe 20 Juni 1837 mfalme William akafariki, binti ana miaka 18, na nyaraka za siku ya kwanza ziliandikwa Alexandrina Victoria. Yeye mwenyewe akataka la kwanza liondolewe, akasaini Victoria tu.

Hapo ndipo ramani ya dunia ilipoamuliwa, kwa saini moja.

Na kama unadhani natia chumvi, nenda kusini mwa Australia mahali mto Murray unapokaribia bahari, utakuta ziwa linaitwa Alexandrina. Lilipewa jina hilo mwaka 1830 na mpelelezi Charles Sturt, wakati huyu binti bado ni mrithi tu na jina lake la kwanza bado linahesabika. Yaani hilo ziwa ni kama picha ya zamani ambayo mtu alisahau kuifuta. Miaka saba tu Sturt angechelewa lingekuwa Victoria jingine, na kwa upande wa pili kama malkia angebaki na jina la kwanza leo hii tungekuwa tunavua sangara kwenye Ziwa Alexandrina na meli ya Mwanza kwenda Bukoba ingeitwa MV Alexandrina, mdomo ungezoea tu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, kwanini jina lienee hivyo. Wafalme wa Uingereza walikuwa wengi na kila mmoja kaacha majina. Kina George wameacha Georgetown ya Guyana na ya Penang, malkia Adelaide kaachia mji wa Adelaide, malkia Charlotte ana Charlotte yake Marekani. Lakini hakuna aliyefika kwa Victoria, na sababu kubwa kwa maoni yangu sio kwamba alipendwa kuliko wote, ni muda. Alikaa kwenye kiti kuanzia 1837 mpaka 22 Januari 1901, miaka 63 na miezi, na hiyo miaka ndiyo hasa Waingereza walikuwa wanazunguka dunia na daftari na kalamu wakichora ramani za sehemu ambazo wao walikuwa hawazijui. Kila mara mtu akifika kwenye mto au ziwa au ghuba akitaka jina la mkubwa wa nchi, mkubwa ni yule yule. Baba yake mkubwa William alikaa miaka saba tu, saa ngapi watu watampa maziwa?

Kitu cha pili ni jinsi hizi safari zilivyokuwa zinaendeshwa. Mpelelezi wa karne ya 19 sio mtalii. Ana wafadhili London, ana chama cha jiografia cha kifalme ambacho kinatoa hela na medali, na akirudi lazima asimame mbele ya watu asome ripoti, na ripoti inataka majina. Kwahiyo jina la mahali lilikuwa linafanya kazi mbili, kutaja mahali na kushukuru mtu. Tena kumshukuru waziri au gavana kuna hatari yake, serikali inaweza kuanguka kabla hujafika bandarini, lakini malkia yupo tu, huwezi kukosea. Jina lake lilikuwa ni kama kadi ya salamu ambayo inafaa kwa sherehe yoyote.

Uzuri ni kwamba mfano bora kabisa wa hii kitu uko kwetu, hauhitaji kwenda mbali. John Hanning Speke alitoka pwani mwaka 1857 pamoja na Richard Burton, wakafika Kazeh, ambayo ni Tabora ya sasa, na pale wafanyabiashara Waarabu wakawaeleza kwamba bara lina maziwa makubwa, sio moja, na la kaskazini wakalitaja kwa jina la Ukerewe, yaani kwa jina la kisiwa kilichomo ndani yake. Wakaenda kwanza Ujiji, wakaona Tanganyika. Waliporudi Kazeh Burton alikuwa hoi kwa ugonjwa, Speke akaenda kaskazini akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, na mwanzoni mwa Agosti 1858 akayaona maji pale Mwanza. Aliowakuta wakamwambia hii ni nyanza. Nyanza ni neno tu la maji makubwa, lipo kwenye lugha kibao za Kibantu za ukanda huo. Yeye akachukua nyanza akaweka malkia mbele, ikawa Victoria Nyanza. Angalau alibakiza neno la wenyeji, ni wenye ramani waliokuja baadaye wakalidondosha wakaandika ziwa kwa Kiingereza.

(Hapa nitoke nje kidogo ya mada. Ziwa Nyasa nalo limetokea njia hiyo hiyo, nyasa maana yake ziwa, kwahiyo ukisema Ziwa Nyasa unasema Ziwa Ziwa. Mgeni anauliza hii ni nini, mwenyeji anajibu kwa upole hii ni ziwa, mgeni anaandika kwa wino.)

Halafu angalia mto unaotoka kwenye hilo ziwa, maana mimi hii sehemu huwa inanifurahisha. Mwaka 1862 Speke alirudi, akafika pale Jinja mahali maji yanapotoka ziwani kuanza safari ya kaskazini, akapaita maporomoko ya Ripon. Ripon nani? Rais wa kile chama cha jiografia wakati safari inaandaliwa. Mto ukishuka kutoka hapo unaitwa Nile ya Victoria. Unashuka mpaka kwenye korongo jembamba ambapo maji yanapita kwa kishindo, Samuel Baker akapaita Murchison, na Murchison nani tena? Rais mwingine wa chama kile kile. Mto unaingia kwenye ziwa ambalo Baker alilifikia mwaka 1864 akaliita Albert, mume wa malkia, ambaye alikuwa ameshafariki tangu Desemba 1861. Ukitoka hapo mto unaitwa Nile ya Albert. Na kusini kidogo kuna ziwa Edward ambalo Stanley alilipa jina la mtoto wao wa kiume, Albert Edward, aliyekuja kuwa mfalme baadaye. Mama, baba, mtoto, na marais wawili wa chama cha jiografia. Ukisafiri na huo mto ni kama unasoma ule ukurasa wa shukrani mwanzoni mwa kitabu.

Na usidhani ni bahati ya Uganda peke yake. Lile ziwa Alexandrina la Australia, jirani yake kabisa, yaani maji yanaungana, kuna ziwa dogo linaitwa Albert. Mke na mume wamewekwa pamoja na huko pia, japo mke kwa jina lake la utotoni.

Maporomoko ya Zambezi yana historia tofauti kidogo. David Livingstone aliyafikia Novemba 1855, kapelekwa kwa mtumbwi mpaka kwenye kakisiwa kaliko ukingoni kabisa juu ya shimo. Wakololo walimwambia panaitwa Mosi-oa-Tunya. Mswahili ukisikia hilo jina hauhitaji mkalimani, mosi ni moshi, na jina zima ni moshi unaonguruma, kwa sababu ule mvuke wa maji unaonekana kutoka mbali kama kuna moto unawaka porini. Livingstone jina hilo alilipenda na akaliandika, halafu hapo hapo akaweka la malkia. Alikuwa mmisionari, mwenye tabia ya kutumia majina ya wenyeji karibu kila sehemu aliyopita, na hili ndilo la Kiingereza alilolibandika kwenye nchi ile. Ila moja lilitosha. Bahati nzuri jina la kwanza halikufa, UNESCO walipoyaweka maporomoko kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1989 waliandika yote mawili, na upande wa Zambia hifadhi yenyewe inaitwa Mosi-oa-Tunya.

Kwenye ukoloni wa kuhamia, yaani kule Canada na Australia, mambo yalikuwa fujo zaidi, na hapa ndipo wanafunzi wa jiografia wanapoteseka. Canada kuna mji unaitwa Victoria, mji mkuu wa jimbo la British Columbia, ulianza mwaka 1843 kama ngome ya kampuni ya biashara ya manyoya. Huo mji uko kwenye kisiwa. Kisiwa kinaitwa Vancouver. Mji wa Vancouver wenyewe hauko kwenye kisiwa cha Vancouver, uko bara. Na kisiwa cha Victoria kipo, ila kiko maelfu ya kilomita kutoka hapo, juu kabisa kwenye barafu ya Aktiki, kikiwa na kilomita za mraba kama 217,000, mara tatu na zaidi ya ziwa letu. Ukiona mtu amechanganya hapo usimcheke.

Australia nayo hivyo hivyo. Jimbo la Victoria lilikatwa kutoka New South Wales mwaka 1851, mji wake mkuu ni Melbourne, na Melbourne ni jina la waziri mkuu wa kwanza wa malkia huyo huyo, kwahiyo hata kwenye ramani bosi na mtumishi wamekaa pamoja. Lakini jangwa kubwa la Victoria haliko kwenye jimbo la Victoria, liko mbali magharibi, Ernest Giles alilikatiza mwaka 1875. Mto Victoria nao haumo jimboni, uko kaskazini kabisa, ulipewa jina mwaka 1839 na nahodha wa meli ya Beagle, ile ile iliyokuwa imembeba Darwin safari iliyotangulia. Kila mtu alikuwa anatoa jina upande wake bila kuuliza wa upande wa pili katoa nini, hakukuwa na ofisi moja ya kusema jamani hili limeshatumika. Hata Antaktika, James Clark Ross mwaka 1841 aliona milima ya barafu ambayo hakuna binadamu anayeishi, nayo akaipa malkia. Watu walipoona Victoria zimejaa wakaanza kuzunguka zunguka, mwaka 1859 wakaanzisha jimbo la Queensland, nchi ya malkia, na mwaka 1882 Canada wakapata mji wa Regina, ambalo ni neno la Kilatini la malkia, jina lilichaguliwa na binti yake Louise ambaye mume wake alikuwa gavana mkuu huko. Jina limeisha, wakahamia kwenye cheo.

Kuna aina nyingine ambayo ni ya kubadilisha jina la mji ambao tayari upo. Shelisheli ilikuwa ya Wafaransa na makazi yao makuu yaliitwa makazi ya mfalme, mfalme wa Ufaransa bila shaka. Waingereza wakaichukua, na mwaka 1841 mji ukawa Victoria. Pale katikati ya mji kuna mnara mdogo wa saa, umepakwa rangi ya fedha, wenyeji wanauita lorloz, uliwekwa mwaka 1903 kumkumbuka malkia. Mnara huo umeigwa kutoka kwenye saa ndogo iliyoko London, na ile saa ya London iko wapi? Karibu na stesheni ya treni ya Victoria. Yaani Victoria imenakili kitu kutoka Victoria kumkumbuka Victoria. Malta nako, kwenye kisiwa cha Gozo, mji wao mkuu ulikuwa unaitwa Rabat kwa karne na karne, mwaka 1887 malkia alipotimiza miaka 50 kwenye kiti ukapewa jina la Victoria kama zawadi, na mpaka leo wenyeji wakiongea wao kwa wao wanasema Rabat.

Mpaka hapo utaona jibu la malkia linatosha. Halitoshi. Victoria ni neno la Kilatini lenye maana ya ushindi, Warumi walikuwa na mungu mke wa ushindi mwenye jina hilo, na popote palipofika lugha zilizotokana na Kilatini neno lilikuwa linaelea tu likisubiri mtu ashinde vita. Hispania mwaka 1181 mfalme Sancho VI wa Navarra aliweka mji juu ya kijiji cha Gasteiz akauita Victoria mpya, leo ni Vitoria-Gasteiz, miaka zaidi ya 600 kabla Drina hajazaliwa. Brazil kuna Vitória, mji mkuu wa jimbo la Espírito Santo, ulioanzishwa mwaka 1551 na Wareno, nao ni ushindi. Meli ya kwanza kuzunguka dunia nzima, ile iliyobaki kwenye msafara wa Magellan ikarudi Hispania mwaka 1522, iliitwa Victoria. Na ukitembea Amerika ya Kusini ukikutana na La Victoria, ile La mbele mara nyingi inakuambia kwamba hapa ni neno, sio mtu.

Na kuna aina ya tatu ambayo mimi nilikuwa siijui mpaka nilipofuatilia, nayo ni tamu kuliko zote. Mexico kuna Ciudad Victoria, mji mkuu wa jimbo la Tamaulipas, na Texas kuna mji wa Victoria ulioanzishwa mwaka 1824 wakati Texas bado ni ya Mexico. Mwaka 1824 Drina ana miaka mitano. Victoria wa huko ni mwanaume! Ni Guadalupe Victoria, rais wa kwanza wa Mexico, na hilo sio jina alilopewa na wazazi. Alizaliwa José Miguel Ramón Adaucto Fernández y Félix, akaingia vitani dhidi ya Wahispania, akajibadilisha jina mwenyewe, Guadalupe kwa ajili ya Bikira Maria wa Guadalupe ambaye wapiganaji walikuwa wanambeba kwenye bendera, na Victoria kwa sababu alitaka ushindi. Ni kama mtu leo aende msituni na kujiita Ushindi, halafu ashinde kweli, halafu awe rais, halafu miji ianze kuitwa hivyo. Kwahiyo ukikutana na Mmarekani anakwambia anatoka Victoria usimpe pole ya ukoloni wa Kiingereza, mji wake unakumbuka mtu aliyepigana kuondoa ukoloni.

Kwahiyo ukiikuta Victoria yoyote namna ya kujua ni ya nani sio ngumu sana, uliza mwaka na uliza bendera. Kama jina lina umri wa kabla ya 1837 karibu hakika sio malkia, kama ni nchi ya Kihispania au Kireno ni ushindi au ni yule rais, kama ni baada ya 1837 na bendera ya Uingereza ilipepea hapo basi ni yeye. Unaweza kuteleza kwenye miji kama ule wa Gozo ambao ni mzee ila jina ni jipya, lakini mara nyingi inakubali.

Kilichobaki ni kwanini baadhi ya hizi Victoria zimeondolewa na nyingine zimegoma. Cameroon kulikuwa na mji wa pwani unaitwa Victoria, ulianzishwa na mmisionari Alfred Saker mwaka 1858, mwaka ule ule Speke anafika Mwanza. Zimbabwe kulikuwa na Fort Victoria, ngome ya walowezi ya mwaka 1890. Yote mawili yalifutwa mwaka mmoja, 1982, la kwanza likawa Limbe na la pili Masvingo. Hizo zilikuwa rahisi kwa sababu kila mji una serikali moja, ikiamua imeamua. Zimbabwe hiyo hiyo kwenye maporomoko ikasita, mji wa pale unaitwa Victoria Falls mpaka kesho, kwa sababu jina hilo ndilo watalii wanalolitafuta na hela inaingia kwa jina hilo.

Miaka ya 1970 walijaribu pia kwenye maziwa. Ziwa Albert upande wa Zaire likaitwa Mobutu Sese Seko, ziwa Edward likaitwa Idi Amin, na yale maporomoko ya Murchison yakapewa jina la Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. La Kabalega mimi naliona lilikuwa na mantiki. Ila yale mawili ya kwanza ni kutoa mkubwa mmoja na kuweka mkubwa mwingine, na wakubwa wenyewe walipoondoka majina yakaondoka nao, Albert na Edward wakarudi wala hakuna aliyewaita.

Ziwa Victoria lenyewe ni la nchi tatu, Tanzania ina karibu nusu, Uganda inafuata kwa karibu, Kenya ina kipande kidogo kama asilimia 6. Sasa ukitaka kulibadilisha unaliita nani? Waganda wana Nalubaale, Wajaluo wana Nam Lolwe, upande wa kusini kuna Nyanza na kuna lile la zamani la Ukerewe, na kila jina ni la kweli na kila jina lina wenyewe ambao hawatakubali la jirani lishinde. Hapo malkia anabaki kwa sababu hana ndugu upande wowote. Hata jumuiya ya Afrika Mashariki ilipounda kamisheni ya bonde la ziwa iliandika Victoria.

Lakini ukizunguka pembeni ya ziwa majina mengine yapo kimya kimya. Kenya walikuwa na mkoa wa Nyanza na watu bado wanasema natoka Nyanza. Ukerewe ni wilaya. Yale maporomoko ya Ripon yalizamishwa na bwawa la umeme la Owen lililofunguliwa mwaka 1954, na bwawa hilo leo linaitwa Nalubaale, yaani rais wa chama cha jiografia yuko chini ya maji na juu yake kuna jina la Kiganda. Na mvuvi wa pale mwaloni, ambaye anaamka usiku kuwasha karabai kwa ajili ya dagaa, ukimuuliza anaenda wapi hakutajii malkia wa mtu. Anakwambia anaenda ziwani, na hilo ndilo neno Speke aliloambiwa.